Mishipa ya fahamu iliyobanwa mgongoni na utambuzi uliochelewa: ulalamike, mpatane au uende mahakamani?

Kwanza jambo lisiloweza kungoja. Kama wewe au ndugu yako ana maumivu ya kiuno, kisha ganzi imeanza sehemu za siri au katikati ya mapaja, mkojo unagoma kutoka au unatoka bila kuhisiwa, haja kubwa inapita bila habari, au miguu yote miwili inauma na kulegea, acheni kusoma mwende kitengo cha dharura sasa hivi. Sheria itawasubiri. Mishipa haisubiri.

Makala haya ni ya wale ambao saa hizo zimeshawapita. Aliingia hospitali akikojoa mwenyewe, akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu, na siku chache baadaye akatoka chumba cha upasuaji akiwa na mpira wa mkojo ambao huenda ataishi nao. Sasa familia imekaa sebuleni na kila mtu ana ushauri wake. Mmoja anataka barua kwa mkurugenzi wa hospitali, mwingine anataka daktari afutiwe leseni, wa tatu anamjua wakili. Wote wanaweza kuwa sahihi, ila si kwa jambo lile lile.

Nianze na mwili, maana bila kuuelewa huwezi kuielewa kesi. Uti wa mgongo wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hushuka fungu la mizizi ya mishipa ya fahamu ambalo wanaanatomia wa zamani walilifananisha na mkia wa farasi, na jina hilo la Kilatini, cauda equina, ndilo utakaloliona kwenye karatasi za hospitali. Mizizi hiyo ndiyo inayoongoza kibofu, njia ya haja kubwa, viungo vya uzazi na hisia za sehemu inayokaa juu ya tandiko. Diski ya kiuno ikifura na kusukumwa nyuma, au uvimbe, usaha au damu ikijikusanya humo, fungu zima hubanwa kwa pamoja.

Madaktari hutofautisha hatua mbili. Katika ya kwanza mgonjwa ana dalili lakini kibofu bado kinamtii kwa kiasi: anasukuma, anachelewa, mkojo unatoka kidogo kidogo. Katika ya pili kibofu kimekufa ganzi, mkojo unajaa bila yeye kujua na kufurika wenyewe. Anayepasuliwa katika hatua ya kwanza huwa na nafuu kubwa kuliko anayefikishwa mezani katika ya pili. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba waliopasuliwa ndani ya saa 48 walipona vizuri zaidi, na tangu hapo wapasuaji wamebishana sana juu ya namba hiyo, wengi wakisema mapema zaidi ni bora zaidi. Uingereza ilitoa mwongozo wa kitaifa Februari 2023 unaotaka kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, kifanyike haraka iwezekanavyo, na kisizidi saa 4 tangu kiombwe. Mwongozo wa nchi moja si sheria ya nchi nyingine, lakini humpa shahidi mtaalamu kipimo cha kulinganishia.

Ndiyo maana madai ya aina hii ni madai ya saa. Katika makosa mengi ya hospitali watu hubishana kama jambo lilifanyika au halikufanyika. Hapa hubishaniwa lilifanyika saa ngapi.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia tano kwa maswali yale yale. Utapata nini mwishoni: maelezo, fedha, au mtu kuwajibishwa? Utatakiwa kuthibitisha nini? Muda unakubana vipi, wa kuanza na wa kumaliza? Itakugharimu nini, na ukishindwa nani atalipa? La mwisho ni lile ambalo mawakili hulisema kwa sauti ya chini: utalazimika kufunua kiasi gani cha maisha yako? Ugonjwa huu unagusa mkojo, choo na tendo la ndoa. Kuna watu wazima, wenye hoja nzito kabisa, walioacha haki yao kwa sababu hawakuweza kuyasema hayo mbele ya wageni.

Malalamiko rasmi hospitalini

Hii ni barua kwa uongozi wa hospitali na, isipojibiwa vizuri, kwa chombo cha juu kinachosikiliza malalamiko ya wagonjwa pale ambapo nchi inacho.

Unachopata ni maelezo. Hospitali ikijibu kwa uaminifu, utajua nani aliomba kipimo, kwa nini mashine haikutumika usiku, nani alisoma picha na lini. Unaweza kupata radhi iliyoandikwa na ahadi ya kubadilisha utaratibu. Fedha ni nadra, na zikitolewa huwa kidogo. Uingereza hospitali za umma zimebanwa kisheria tangu mwaka 2014 kumweleza mgonjwa ukweli pale anapodhurika vibaya na huduma, kwa hiyo huko maelezo ni haki. Kwingine hutegemea zaidi nia njema ya uongozi.

Uthibitisho hautakiwi. Unasema kilichotokea, wao ndio wachunguze. Gharama ni karatasi na muda wako. Faragha yako hubaki ndani ya hospitali ambayo tayari inajua kila kitu kuhusu ugonjwa wako.

Muda ndio wenye mtego, na hapa naomba usome polepole. Malalamiko yana ukomo wake. Katika huduma ya afya ya umma ya Uingereza, kwa mfano, ni miezi 12 tangu tukio au tangu ulipojua una sababu ya kulalamika. Lakini kulalamika hakusimamishi saa ya mahakama. Hospitali inaweza kukuandikia kila mwezi kwamba uchunguzi unaendelea, ukaridhika na kungoja, na siku jibu linapofika haki yako ya kushtaki imekwisha. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kukudanganya, ni saa mbili tofauti zinazotembea pamoja na wewe unaitazama moja. Weka tarehe zote mbili ukutani.

Njia hii inamfaa anayetaka kujua kwanza, aliyepata nafuu kubwa na asiye na hasara nzito, na pia anayefikiria kushtaki lakini hajui kama ana hoja. Jibu la hospitali likikiri kwamba kipimo kilichelewa huwa ni karatasi ya thamani baadaye.

Baraza la taaluma

Karibu kila nchi ina chombo kinachosajili madaktari na kingine kinachosajili wauguzi. Ukiwashtaki huko, swali linaloulizwa ni kama mhudumu huyu anafaa kuendelea kutibu watu. Anaweza kuonywa, kuwekewa masharti, kusimamishwa au kufutwa kwenye daftari. Kwa kawaida wewe hulipwi kitu.

Utathibitisha kwamba mtu fulani alikosea kwa kiwango kinachogusa sifa yake ya kufanya kazi. Sasa fikiria namna ucheleweshaji wa ugonjwa huu unavyotokea. Muuguzi wa mapokezi aliandika "maumivu ya kiuno". Daktari mdogo alishuku, akampigia mtaalamu, mtaalamu akasema asubuhi. Chumba cha MRI kilikuwa kimefungwa. Gari la rufaa lilichelewa. Ukiligawa kosa hilo kwa watu sita, kila mmoja ana kipande kidogo, na baraza linaweza kumaliza bila kumkuta yeyote na hatia ingawa wewe umepata ulemavu wa kudumu. Hilo linauma, lakini ni afadhali kulijua kabla.

Njia hii ina nguvu pale kosa lilipo la mtu mmoja na liko wazi: aliyekurudisha nyumbani bila kukugusa huku ukimwambia hukojoi, aliyebadilisha maandishi ya jalada baada ya tukio, aliyekufokea kwamba unaigiza. Muda wa kuanza hutofautiana. Baraza la madaktari la Uingereza kwa kawaida halipokei jambo lililopita miaka 5, isipokuwa maslahi ya umma yakidai. Huhitaji wakili, ingawa unaweza kuitwa kama shahidi na kuulizwa maswali magumu na wakili wa daktari. Kama lengo lako ni kupata fedha za kununulia mipira ya mkojo kwa miaka 30 ijayo, usiweke tumaini lako hapa.

Madai ya fidia kwa mazungumzo au upatanishi

Hapa wakili wako humwandikia mdaiwa, yaani hospitali, bima yake au mwanasheria wa serikali, akieleza kosa, madhara na kiasi kinachodaiwa. Wao hujibu, wataalamu wa pande mbili hubadilishana ripoti, na mkikaribiana mnakaa mezani, wakati mwingine na mpatanishi asiye upande wowote.

Madai mengi ya kitabibu yanayofaulu huishia hapa na hakimu hayaoni. Unachopata ni fedha, na mezani mnaweza kuwekeana mambo ambayo hukumu haitoi kwa urahisi: barua ya radhi, mkutano na daktari mkuu, malipo ya awali ili ubadilishe choo na bafu kabla ya mengine kuisha. Usichopata ni tangazo la hadharani. Mdaiwa mara nyingi hulipa bila kukiri kosa na huomba usizungumze. Wapo wanaolala vizuri na hilo, na wapo ambao donge haliwashuki. Jijue kabla hujasaini, kwa sababu mkataba wa suluhu hufunga mlango moja kwa moja hata hali yako ikizorota mwaka unaofuata.

Uthibitisho ni ule ule wa mahakamani, ila unauthibitisha mbele ya mtu anayepima hatari ya kushindwa, si mbele ya mwamuzi. Hoja ikiwa na nguvu ya asilimia 60, mezani huweza kuzaa sehemu ya fedha. Mahakamani huzaa zote au huzaa sifuri.

Kuhusu muda, njia hii huwa fupi kuliko kesi, ingawa neno fupi hapa linahesabiwa kwa miezi mingi, pengine mwaka au zaidi. Chini ya utaratibu wa Uingereza mdaiwa ana miezi 4 ya kujibu barua ya madai. Tena narudia: mazungumzo peke yake hayasimamishi ukomo, isipokuwa pande mbili zimekubaliana kwa maandishi, na sheria ya mahali inaruhusu.

Gharama kubwa ni ripoti za wataalamu. Utahitaji mpasuaji wa mgongo au wa mishipa ya fahamu, na mara nyingi daktari wa mkojo, na mtu wa kukadiria huduma utakayohitaji maishani. Faragha hulindwa vizuri, maana chumba kina watu wachache na mlango umefungwa.

Kesi mahakamani

Niseme zaidi hapa, kwa kuwa hapa ndipo watu huingia na matumaini makubwa kuliko ushahidi.

Mambo matatu lazima yasimame. Kwanza, hospitali ilikuwa na wajibu wa kukuangalia. Hilo hubishaniwa mara chache. Pili, huduma ilishuka chini ya kiwango. Kanuni iliyowekwa Uingereza mwaka 1957 na kuenea katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wake wa sheria inasema daktari hana hatia akitenda kama ambavyo kundi la madaktari wenzake wa kuaminika wangetenda. Mwaka 1997 mahakama ikaongeza sharti: maoni ya kundi hilo lazima yawe na mantiki, hayatoshi kwa kuwa tu yametoka kwa mabingwa. Kwa ugonjwa wetu kigezo hiki mara nyingi kinafikika. Dalili za tandiko, kibofu na miguu miwili zimo katika vitabu vya wanafunzi wa udaktari. Asiyeuliza, asiyepima hisia za sehemu za siri, asiyepima mkojo unaobaki kibofuni, ana kazi ya kujieleza.

La tatu ndilo linalozika kesi nyingi: kwamba ucheleweshaji ndio uliokudhuru. Mdaiwa atasema, tunakubali tulichelewa saa 14, lakini alipofika kwetu kibofu kilikuwa tayari kimekufa, hata tungempasua papo hapo angebaki hivi hivi. Wakili wako lazima ajenge dunia nyingine sambamba na hii, saa kwa saa: kipimo kingeombwa saa hii, kingefanyika saa hii, ungefika mezani saa hii, na wakati huo bado ungekuwa katika hatua ya kwanza. Hatua moja ikiteleza, jengo linaanguka.

Nchi hazilipimi swali hili kwa mizani moja. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua mwaka 2005, katika kesi ya saratani iliyochelewa kutambuliwa, kwamba mgonjwa ambaye nafasi yake ya kupona ilishuka kutoka asilimia 42 hadi 25 hapati kitu kwa nafasi aliyoipoteza, kwa kuwa tangu mwanzo uwezekano wa kupona haukuzidi nusu. Ufaransa hulipa nafasi iliyopotea yenyewe, hata ikiwa ndogo, na yapo majimbo ya Marekani yanayofanya hivyo. Swali la kwanza la kumuuliza wakili, kabla hata ya ada yake, ni hili: hapa kwetu nafasi iliyopotea inalipwa?

Jambo lingine linalowashtua wadai: hulipwi kwa ugonjwa, unalipwa kwa tofauti. Diski ilipasuka yenyewe. Upasuaji ungefanyika hata kila kitu kingekwenda sawa, na pengine ungebaki na maumivu ya kiuno vilevile. Fidia ni umbali kati ya mtu ambaye ungekuwa na mtu uliye leo. Umbali huo unaweza kuwa mkubwa sana: mshahara uliopotea, mke au mume aliyeacha kazi akuhudumie, vifaa vya mkojo na choo kwa maisha yote, ndoa iliyobadilika, huzuni inayohitaji tiba. Katika baadhi ya sehemu sheria inaweka dari. California iliweka kikomo cha dola 250,000 kwa maumivu na mateso mwaka 1975, na ikaanza kukipandisha hadi dola 350,000 kuanzia mwaka 2023, kikiendelea kuongezeka kila mwaka. Hasara za kifedha zenyewe hazimo ndani ya kikomo hicho.

Muda wa kufungua kesi ni mkali. Uingereza ni miaka 3 tangu madhara au tangu ulipojua kwamba yanahusiana na huduma uliyopata. Tanzania na Kenya pia madai ya madhara ya aina hii yana miaka 3, ila Kenya ukiishtaki serikali unabakiwa na miezi 12 tu, na Tanzania serikali lazima ipewe notisi ya siku 90 kabla ya kesi. California ni miaka 3 tangu madhara au mwaka 1 tangu kugundua, kinachotangulia. Kwa watoto saa mara nyingi huanza baadaye. Tazama vizuri kama hospitali ni ya umma au ya binafsi. Tofauti hiyo moja inaweza kukata muda wako kwa theluthi mbili. Kesi yenyewe ikishafunguliwa, hesabu miaka.

Ada hutegemea nchi kabisa. Uingereza mawakili wengi huchukua madai haya kwa sharti la kulipwa wakishinda, na nyongeza ya ushindi haizidi asilimia 25 ya fidia ya mateso na hasara zilizokwishapita. Mdai aliyeumia kwa kawaida hatozwi gharama za mdaiwa akishindwa kwa nia njema. Marekani kila upande kwa kawaida hubeba gharama zake. Kenya sheria ya mawakili hairuhusu makubaliano ya kulipwa kwa sharti la kushinda, na anayeshindwa kwa kawaida huamriwa kumlipa mshindi gharama.

Na faragha? Utapimwa na wataalamu wa upande wa pili. Wataingiza kidole, watakuuliza kuhusu unyumba. Huenda ukapigwa picha ukiwa sokoni ili ionyeshwe kwamba unatembea vizuri kuliko ulivyodai. Hukumu huweza kuchapishwa, ingawa katika baadhi ya nchi unaweza kuomba jina lako lifichwe. Sisemi haya kukutisha. Nasema kwa sababu aliyeyajua mapema huyavumilia, na aliyeshtukizwa huvunjika katikati.

Mfuko wa fidia usiodai kosa

Nchi chache zimejenga njia ya pembeni. New Zealand ina mfuko wa taifa wa ajali tangu mwaka 1974, na tangu mwaka 2005 unagusa madhara yanayotokana na tiba, pamoja na utambuzi uliochelewa, bila kumtafuta mkosaji. Kwa kubadilishana na hilo, haki ya kushtaki kwa ajili ya fidia imeondolewa. Sweden ilianza bima ya wagonjwa mwaka 1975, Denmark ikafuata mwaka 1992, na Ufaransa ina tume za fidia tangu sheria ya mwaka 2002.

Unapata fedha au huduma kwa haraka zaidi, kwa gharama ndogo au bila gharama, na faragha nzuri. Kiasi huwa cha chini kuliko hukumu kubwa ya mahakama. Usidhani pia kwamba huthibitishi kitu: lazima uonyeshe kwamba madhara yametokana na kuchelewa na si na diski yenyewe. Denmark hupima kwa kuuliza kama mtaalamu mwenye uzoefu angefanya vingine, kipimo ambacho kwa mgonjwa ni chepesi kuliko uzembe. Kama unaishi penye mfuko kama huu, anza nao.

Kitu kimoja kinachotumika kwenye njia zote

Omba jalada lako lote leo, hata kama hujaamua. Uingereza na Umoja wa Ulaya hospitali ina mwezi mmoja kukupa nakala, na ya kwanza kwa kawaida ni bure. Usiombe muhtasari tu. Omba maandishi ya wauguzi, karatasi za mapokezi zenye saa, maombi ya vipimo, picha za MRI zenyewe pamoja na saa zilipopigwa na zilipotolewa ripoti, barua za rufaa, daftari la chumba cha upasuaji. Tafuta mililita za mkojo uliobaki kibofuni: zaidi ya mililita 200 baada ya kukojoa ni ishara ambayo haikupaswa kupuuzwa. Tafuta saa mpira ulipowekwa na kiasi kilichotoka.

Kisha tengeneza ratiba yako mwenyewe kutoka nje ya hospitali. Ujumbe uliomtumia dada yako saa 9 usiku, "nasukuma mkojo hautoki", una saa yake kwenye simu na hakuna wakili anayeweza kuupinga kwa wepesi. Orodha ya simu ulizopiga, risiti ya duka la dawa, dereva aliyekupeleka. Ndugu aliyekuwa kitandani kwako aandike anachokumbuka wiki hii, kabla kumbukumbu haijachanganyika na hasira. Kwa maoni yangu kazi hii ya jioni mbili tatu ina uzito kuliko chaguo lenyewe la njia.

Kwa hali yako

Umepona karibu kabisa na unachotaka ni kuelewa: malalamiko yanakutosha, na baraza ukiona mtu mmoja alikudharau waziwazi.

Umebaki na kibofu kisichofanya kazi, una kazi ya kulinda au watoto wa kulea: unahitaji fedha za miaka mingi, kwa hiyo anza na wakili aliyewahi kushughulikia madai ya uti wa mgongo hasa, akufungulie mazungumzo na kesi ikiwa tayari nyuma yake. Malalamiko unaweza kuyapeleka sambamba ili upate maelezo. Muulize wakili namna ya kuyaandika.

Ulifika hospitali mkojo ukiwa tayari umekwama kwa siku mbili: usikate tamaa, lakini lipia kwanza maoni mafupi ya mpasuaji huru kuhusu chanzo cha madhara kabla ya kulipia kesi nzima. Angalia pia kama ulionwa na mtu yeyote mapema, kliniki au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana kosa linaweza kuwa huko na si hospitalini.

Kilichobanwa ni uti wenyewe shingoni, kwa miezi au miaka ya mikono kupoteza ustadi na miguu kuyumba: saa hazihesabiki kama kwa mkia wa farasi, ushahidi wako ni mfululizo wa ziara. Andika kila ziara, nani alikuona na ulimwambia nini. Na kama ni mgonjwa wa saratani aliyeanza kulegea miguu, tafuta siku ya kwanza alipolisema hilo kwa mhudumu, kwa kuwa miongozo ya Uingereza inataka MRI ndani ya saa 24 pale dalili za mishipa zinapoashiria kwamba uvimbe unabana uti.

Huwezi kuyasema mambo ya mwili wako hadharani: upatanishi, na mwambie wakili hivyo siku ya kwanza, umwombe pia mtaalamu wa jinsia unayoiona nafuu.

Umebakiza wiki chache kabla ya ukomo: usiandike barua yoyote ya malalamiko leo. Mpigie wakili kwanza, umsomee tarehe mbili, ya siku ulipoanza kupata ganzi na ya siku ulipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kipimo kilipaswa kufanyika mapema.